Picha ya Bwana Mkubwa na Kichwa cha Mangi

Tulikuwa wanakwaya tisa wa usharika mmoja wa Old Moshi, na wenyeji wetu, Wakristo wa Manchester, walitupeleka kuona Tatton Park, jumba la ukoo wa Egerton. Ni nyumba ya fahari kweli. Kutani zimetundikwa picha za rangi za mafuta za mabwana wa ukoo huo. Mbele ya mmoja wao tulisimama muda mrefu. Mchoraji alikuwa hodari. Hata mishipa ya mkono ilionekana, na macho yalitufuata kila tuliposogea. Mama mmoja wa soprano akasema kwa Kichaga kwamba huyu hawezi kupotea, wajukuu wake wanajua alivyokuwa.

Kisha tukaingizwa katika ukumbi mkubwa wa Lord Maurice Egerton, bwana wa mwisho wa nyumba ile, aliyekuwa na mashamba Njoro na kufariki Kenya mwaka 1958. Ukutani ni vichwa vya wanyama aliowawinda, wengi wa kwetu Afrika. Wenyeji, kwa upendo kabisa, wakaomba tuwaimbie wimbo pale pale.

Mzee wetu wa kanisa, mwimbaji wa besi, akasema, "Mimi hapa siimbi." Akatoka.

Msomaji asiyetoka kwetu anahitaji kuelezwa. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli hapo Old Moshi, pamoja na viongozi wenzake wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha. Wazee wetu wamesimulia siku zote kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Kwa desturi ya zamani, fuvu la mkubwa wa nyumba lilihifadhiwa kihambani, penye masale. Meli hajapata hilo. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu kadhaa na familia za Kilimanjaro. La Meli halikuwamo.

Tukabaki wanane, tukibishana kwa sauti ya chini. Wengine tulisema wenyeji hawana kosa, na kumnyima wimbo mtu aliyekulisha na kukulaza ni aibu. Wengine tulisema hata injili tuliletewa na wamisionari wa Leipzig, watu wa taifa lile lile lililomnyonga Mangi, na tuliipokea. Lakini hakuna aliyewahi kututaka tuimbe chini ya kichwa chake.

Mwishowe tulimfuata mzee nje, kulungu walipokuwa wakila majani. Hatukuimba. Tulimweleza mwenyeji wetu mmoja habari yote. Alinyamaza, macho yakamlenga machozi, akaomba tusali Sala ya Bwana, yeye kwa lugha yake na sisi kwa yetu. Tulipofika pale pa kusamehe, sauti ya besi ilikatika. Ilirudi kwenye amina.

Usiku ule mzee alitukumbusha kwamba Uchagani anayekuletea jani la isale huwezi kumkatalia msamaha, ila sharti alilete. Tangu turudi tumelijadili mara nyingi baada ya mazoezi, na chai ikapoa. Tunamwambia Kristo aliwaombea msamaha watesi wake kabla hawajatubu. Anajibu kwamba Kristo alizikwa na kichwa chake. Bado hatujapata la kumjibu.