Jalada la Polisi Halisimamishi Siku 30

Nimekuwa katibu wa chama cha wafanyakazi huku Kigoma kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusimama na watu mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la CMA. Nimesimama na walinzi, madereva wa malori, wapishi wa kambi na mafundi wa nondo. Mashauri yanayoninyima usingizi ni yale ambayo mfanyakazi ametuhumiwa wizi, polisi wameitwa, na mwajiri amemfukuza wakati jalada bado liko kwa mpelelezi. Nitasimulia moja lililotoka Kidahwe. Watu wawili walifukuzwa siku moja, kwa barua zilizofanana neno kwa neno isipokuwa majina. Mmoja alipata haki yake, mwenzake aliikosa, na tofauti yao haikuwa katika ushahidi.

Kidahwe ni njia panda. Barabara ya kutoka Kigoma mjini ikifika pale inagawanyika, moja inakwenda Kasulu na nyingine Uvinza. Ndipo pia kilipojengwa kituo cha kupoza umeme wa kilovoti 400 unaotoka Nyakanazi. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa pamekuwa mahali pa makambi: mkandarasi huyu anaondoka, mwingine anakuja na makontena yake na mashine zake za kuchimbia, na vijana wa Simbo, Kazuramimba na Ujiji wanaacha muhogo na michikichi ya wazee wao na kwenda kuomba kazi getini. Kampuni niliyopambana nayo sitaitaja. Jina lake halimsaidii msomaji, kwa sababu nimekutana na tabia ileile kwa waajiri wengine wengi.

Mtu wa kwanza alikuwa mtunza stoo ya mafuta. Wa pili alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku. Asubuhi moja hesabu ya daftari ilionyesha dizeli nyingi kuliko iliyokutwa kwenye tenki. Meneja hakuuliza mtu. Alipiga simu polisi, na kabla ya saa sita mchana wote wawili walikuwa wamepakiwa kwenye gari. Waliandikwa maelezo ya onyo, wakalala mahabusu, kisha wakadhaminiwa na ndugu zao kwa barua za mwenyekiti wa kijiji. Wakaambiwa wawe wanaripoti kituoni kila wiki mpaka upelelezi ukamilike.

Waliporudi kambini walikabidhiwa barua za kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Mshahara ukakatwa tangu siku hiyo. Hapa pana jambo ambalo makambini karibu hakuna anayelijua, hata maofisa utawala wenyewe. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinamruhusu mwajiri kumsimamisha mfanyakazi mwenye tuhuma nzito wakati uchunguzi unaendelea, lakini kwa mshahara kamili. Vivyo hivyo kwa aliyefikishwa mahakamani kwa kosa la jinai: anaweza kukaa pembeni, na mshahara wake unaendelea mpaka hukumu na rufaa yake viishe. Kumsimamisha mtu na kumkatia ugali ni kumwadhibu kabla hajasikilizwa.

Baada ya wiki kadhaa zikaja barua za pili. Zilisema ajira zimesitishwa kutokana na uchunguzi wa polisi kuhusu wizi wa mafuta. Ni mistari michache tu. Hawakuitwa kwenye kikao chochote cha nidhamu, hawakupewa hati ya mashtaka, na hakuna aliyewauliza wana utetezi gani. Na polisi wenyewe walikuwa hawajasema chochote. Jalada lilikuwa linakwenda na kurudi kati ya mpelelezi na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka.

Mtunza stoo alikuja kwangu ndani ya wiki ile ile, akiwa na mama yake mzazi. Yule mama ndiye aliyemsukuma, maana kijana alikuwa na hofu kwamba akifungua shauri la kazi ataonekana anashindana na polisi na dhamana itafutwa. Nilimweleza kuwa hayo ni mambo mawili. Polisi wanatafuta kama kuna kosa la jinai, na wakiona lipo, Jamhuri ndiyo itakayomshtaki, kwa wizi akiwa mtumishi chini ya Kanuni ya Adhabu. Shauri la CMA ni kati yake na mwajiri, nalo linauliza kama aliachishwa kwa sababu halali na kwa utaratibu wa haki. Moja halingoji jingine. Tulijaza Fomu Na. 1 siku hiyo, nakala moja ikapelekwa kwa mwajiri, na ile yenye mhuri wa kupokelewa tukaipeleka CMA pale Kigoma mjini. Hakutoa ada yoyote.

Mlinzi hakuja. Nilimtumia ujumbe kupitia mwenzake, akajibu kwamba anasubiri kesi ya polisi iishe kwanza, jina lake lisafishwe, ndipo adai haki zake akiwa na uso mkavu. Ninaielewa heshima iliyomo katika jibu lile. Mtu aliyeitwa mwizi mbele ya kijiji kizima anataka kwanza aambiwe kwamba si mwizi. Lakini sheria haikumngoja.

Kwenye usuluhishi kampuni ilitoa mshahara wa mwezi mmoja, kwa masharti kwamba shauri lifutwe. Kijana alikataa, na nilifurahi kwamba alikataa kwa kinywa chake mwenyewe. Tukaenda kwenye uamuzi.

Huko ndiko mwajiri anapokutana na kifungu ambacho wengi hawakukitarajia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inasema kwamba mfanyakazi akilalamika kuachishwa isivyo haki, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba ilikuwa haki. Kwa hiyo kampuni ndiyo inayoanza kutoa ushahidi. Wazee wetu waliofanya kazi reli na bandarini hapa Kigoma waliishi chini ya sheria nyingine, ile ya usalama wa ajira ya 1964, ambayo chini yake mgogoro ulipanda kutoka baraza la usuluhishi hadi mezani kwa Waziri, na neno lake likawa la mwisho. Sisi tunaweza kumkalisha ofisa utawala kitini na kumuuliza maswali.

Nikamuuliza uchunguzi wa kampuni ulifanywa na nani. Akasema waliwaachia polisi. Nikamuuliza taarifa ya polisi iko wapi. Alikuwa na RB tu, yaani namba ya taarifa iliyofunguliwa kituoni. Nikamuuliza ni nani aliyepima tenki asubuhi ile, akasema foremani, kwa fimbo. Foremani hakuletwa. Tenki lenyewe lilikuwa limewekwa juu ya kifusi, limeinama upande mmoja, na kila anayejua kazi ya stoo anajua kwamba fimbo ikitumbukizwa kwenye tenki lililoinama haiwezi kutoa kipimo cha kuaminika. Funguo za pampu zilikuwa mbili, moja ya mtunza stoo na nyingine ofisini. Jenereta la kambi lilikuwa likijazwa usiku bila vocha, na jambo hilo ofisa alilikubali mwenyewe, akisema ni kawaida. Kwa hiyo ndani ya kambi ile dizeli ilikuwa na mlango mwingine wa kutokea ambao daftari la stoo halikuuona, na hakuna aliyejisumbua kuufuatilia kwa sababu polisi walikwisha kuitwa.

Kisha mwakilishi wa kampuni akataka kuyatoa maelezo ya onyo kama kielelezo. Nilipinga, kwa sababu askari aliyeyaandika hakuwepo kuhojiwa. Hata kama yangepokelewa yasingewasaidia: kijana alikuwa amekana tangu mstari wa kwanza.

Hoja yao nzito zaidi ilikuwa ya kisheria. Kifungu cha 37 cha sheria ile ya 2004 kinamkataza mwajiri kumwadhibu au kumwachisha mfanyakazi aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai linalofanana na la kinidhamu, mpaka mahakama iamue na rufaa iishe. Wao wakasema kijana hajashtakiwa, ametuhumiwa tu, kwa hiyo katazo halimhusu na walikuwa huru kumwachisha. Nusu ya kwanza ya hoja hii ni kweli. Kukamatwa, kuandikwa maelezo na kuripoti kituoni si kushtakiwa; mtu anashtakiwa anapofikishwa mbele ya hakimu na kusomewa shtaka. Ila katazo lile lisipokuwepo, mwajiri anakuwa huru kuanza utaratibu wa nidhamu. Hapati uhuru wa kuuruka. Alitakiwa afanye uchunguzi wake, amwandikie mfanyakazi tuhuma kwa lugha anayoielewa, ampe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, amruhusu aje na mwenzake au kiongozi wa chama, na kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu asiyehusika na tukio. Kati ya hayo hawakufanya hata moja.

Na uzito wa ushahidi unaodaiwa kwenye kikao kile ni mdogo kuliko wa mahakama ya jinai. Huko shaka isiyo na majibu inamwokoa mshtakiwa. Kwenye nidhamu ya kazi inatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa lilitokea kuliko kutotokea. Ndiyo maana naumia mwajiri anapoiacha njia hii fupi iliyo wazi kwake na kumtuma askari amfanyie kazi ya ofisa utawala. Pia ndiyo maana huwa nawaonya wafanyakazi: kuachiwa na polisi, hata kushinda kesi ya jinai, hakumrudishi mtu kazini peke yake.

Mwamuzi aliona kwamba sababu haikuthibitishwa na utaratibu haukufuatwa. Tuzo ilikuwa fidia ya mishahara ya miezi 12, mshahara wa kipindi alichosimamishwa, notisi, likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi. Kama wangeshindwa kwenye utaratibu tu na sababu ikathibitika, fidia ingeweza kuwa pungufu ya hapo. Mahakama ya Rufani imekwisha kulikubali jambo hilo. Kampuni ilipeleka maombi ya marejeo Mahakama Kuu ndani ya siku 42, kama sheria inavyoruhusu. Zamani tungesafiri hadi Tabora kujibu, na mtu asiye na mshahara angekata tamaa kwenye nauli. Shauri letu lilisikilizwa Kigoma, na maombi yao yakatupwa. Uamuzi uliandikwa kwa Kiswahili, kwa maana tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na kijana aliusoma mwenyewe mbele ya mama yake. Fedha zilichelewa hata hivyo. Mradi ulikuwa unafungwa, makontena yanapakiwa, na ilitubidi tuombe kukazia tuzo na kumwonyesha dalali wa mahakama magari yaliyobaki kambini ndipo kampuni ikalipa.

Mlinzi alikuja miezi mingi baadaye. Jalada lilikuwa limefungwa kwa kukosa ushahidi na alikuwa amekipata kile alichokisubiri. Lakini mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe CMA ndani ya siku 30, na siku zinahesabiwa tangu ajira ilipositishwa. Tuliomba kuongezewa muda. Maombi hayo yanataka kiapo kinachoeleza sababu ya kuchelewa, urefu wa kuchelewa, na nafasi ya kushinda. Nafasi ya kushinda alikuwa nayo kubwa. Tulikuwa na tuzo ya mwenzake mkononi. Mwamuzi akauliza: alikuwa nje kwa dhamana, anaishi Kidahwe, anaripoti kituoni kila wiki Kigoma mjini, ni kitu gani kilimzuia kupeleka fomu? Polisi hawakumzuia. Maombi yakakataliwa. Kwa sheria ilivyo, mwamuzi alikuwa sahihi, na mlinzi hakupata hata shilingi.

Sidhani sheria imewatendea haki watu kama yeye. Barua ya kuachisha kazi inapaswa kutaja kwa maandishi kwamba mfanyakazi ana siku 30 za kwenda CMA na ofisi iko wapi. Mstari mmoja tu ungetosha, na hakuna mwajiri mwema ambaye ungemgharimu chochote. Wabunge wetu wa mkoa huu, ambao makambi haya yako majimboni mwao, wangeweza kulisimamia jambo hili. Vyama navyo viache kukusanya michango getini na kuondoka. Katibu wa tawi aende kambini siku polisi wanapoitwa, asisubiri siku ya barua.

Na wewe uliyeko kambini leo: ukikamatwa, jibu wito wa polisi na uripoti kila unapoambiwa. Barua ya kusimamishwa ikija, angalia kama inataja mshahara, na kama haitaji, andika kuudai. Barua ya kuachishwa ikija, andika juu yake tarehe uliyoipokea, piga nakala, na uende CMA wiki hiyo hiyo, jalada liwe limefungwa au halijafungwa.