Barua kutoka Ughaibuni: Moto Una Majira Yake

Ndugu zangu wa Mufindi,

Nawaandikia kutoka Grass Valley, mji mdogo kwenye vilima vya Sierra Nevada, California. Huku nako ni nchi ya mipaina, na mvua inafuata kalenda ileile ya kwenu: huanza Novemba, hukoma Aprili, kisha ukavu hadi Oktoba. Tunachotofautiana ni mwezi wa kuwasha kiberiti. Wengi wenu husafisha mashamba kwa moto Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa na upepo umechachamaa. Watu wa huku miezi hiyo hawathubutu. Kiangazi uchomaji husitishwa, na anayewasha hujibu mbele ya sheria. Wao hungoja mvua iloweshe ardhi kwanza.

Hata hapo kuna masharti. CAL FIRE, idara ya misitu na zimamoto ya jimbo, hutoa kibali bure. Asubuhi unaulizia kama siku hiyo kuchoma kunaruhusiwa. Ukiambiwa hapana, unaahirisha. Lundo la matawi lisizidi mita 1.2 kwa upana na kimo. Kulizunguka unakwangua mita 3 hadi udongo mtupu, maji na koleo vikiwa karibu. Mtu mzima haondoki mpaka moto ufe. Ukishazimika, unamwagia maji, unageuza majivu, unamwagia tena, kisha unasogeza mgongo wa kiganja juu yake kusikilizia joto. Plastiki na takataka za nyumbani ni marufuku.

Wana sababu ya kuogopa. Kaskazini ya hapa uko mji wa Paradise. Tarehe 8 Novemba 2018, mwaka ambao mvua ilichelewa, kulabu chakavu kwenye mnara wa umeme ilikatika na moto ukaanza. Watu 85 walikufa, majengo zaidi ya 18,000 yakaharibiwa. Penye mitaa iliyoteketea, mipaina mingi ilibaki imesimama, baadhi ikiwa bado ya kijani. Nyumba nyingi ziliwashwa na cheche zilizotangulia mbele ya moto, zikaingia kwenye matundu ya hewa na mifereji ya paa iliyojaa majani makavu. Ndiyo maana sheria inamtaka mwenye nyumba katika maeneo haya apunguze vichaka na majani makavu hadi mita 30 kutoka ukutani. Kuni huhamishiwa mbali, na matawi yanayogusa paa hukatwa.

Lakini msidhani wamejua haya siku zote. Wenyeji wa asili, Wakaruk na Wayurok wa mto Klamath, walikuwa wakichoma msitu kidogo kidogo kwa majira. Sheria ya jimbo ya 1850 ikaruhusu kuwaadhibu waliochoma mbuga. Mwaka 1935 idara ya misitu ya taifa ikaagiza kila moto uzimwe kabla ya saa nne asubuhi ya kesho yake. Majani na vichaka vikarundikana kwa miongo. Sasa wazee wa makabila hayo ndio wanaowafundisha wataalamu namna ya kuchoma.

Kwa hiyo siwaambii mwache moto. Nawaomba muusogeze. Wahifadhi wa miombo nyumbani wanaujua moto wa mapema, unaowashwa Juni nyasi zikiwa bado na unyevu, ukatambaa chini na kufa wenyewe jioni. Mtaniuliza nani ana nafasi Juni, mahindi yakiwa bado yanavunwa. Basi shamba zima liacheni. Safisheni mkanda wa mpakani tu, upande unaotazama msitu wa Sao Hill na upande wa jirani, na mtu asichome peke yake. Malundo ya matawi yakae hadi mvua zishike.

Mwenyekiti, hili lipeleke kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mavuno, lipangiwe tarehe na watu wa kusimamia. Tukisubiri Oktoba, tutakuwa tunajadili fidia.

Ndugu yenu,
Grass Valley, California