Waliohamia Viola

Ukisoma maisha ya wapiga viola wakubwa wa karne ya 20, utaona kwamba wengi wao walianza na fidla, na kwamba walihamia viola kwa sababu kuna mtu aliwaambia wahame. Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu. Tumezoea kusimuliwa habari za watu waliojua tangu utotoni watakuwa nani. Hawa hawakujua. Aliyejua alikuwa mwalimu au mkuu wa chuo, mtu aliyewasikia kabla wao wenyewe hawajajisikia.

Kwa msomaji aliyezoea fidla za taarabu, viola si ngeni machoni. Hushikwa vivyo hivyo, begani chini ya kidevu, na hupigwa kwa upinde. Ila ni kubwa kidogo, nyuzi zake nne zimeshuka chini zaidi, na sauti yake ina uzito wenye ukungu. Ukungu huo una sababu. Ili viola izitoe sauti zake za chini kwa nguvu ileile ya fidla, kisanduku chake kingepaswa kuwa kirefu kiasi cha kumshinda mtu kukishika begani. Kwa hiyo tangu karne ya 16 mafundi wamekuwa wakitafuta suluhu kati ya sauti na mkono: viola hii ina sentimita 39, ile ina 43, wala hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa na wote. Katika okestra hukaa katikati. Fidla ndizo zenye wimbo, selo na besi hushika msingi, viola hujaza. Kwa miaka mingi kiti hicho walipewa wapiga fidla waliochoka au walioshindwa.

Watunzi lakini walikipenda. Bach alipopiga na wenzake alipendelea viola, na Mozart vilevile. Beethoven kijana alikuwa mpiga viola wa okestra ya Bonn. Dvořák alikula kwa viola huko Prague miaka kadhaa kabla jina lake halijajulikana. Sishangai. Anayetaka kujua muziki umejengwaje atakaa pale ambapo juu na chini kote kunasikika.

Kuna mmoja ambaye hakuweza kukaa hapo, naye alikuwa maarufu sana. Niccolò Paganini, mpiga fidla aliyeitikisa Ulaya, alipata viola ya fundi Stradivari akamwomba Hector Berlioz amtungie kitu cha kuipigia. Berlioz akaanza kuandika Harold en Italie. Paganini alipoiona sehemu ya kwanza alilalamika kwamba mpiga viola amepewa mapumziko mengi mno. Yeye alitaka apige muda wote. Akaiacha, na mwaka 1834 ikapigwa kwa mara ya kwanza na mtu mwingine. Aliisikia hatimaye mwaka 1838. Akapanda jukwaani, akapiga magoti mbele ya Berlioz, kisha akampelekea faranga 20,000. Naupenda sana mwisho wa kisa hiki, kwa sababu si kila mtu mkubwa hukubali kupiga magoti mbele ya kitu alichokikataa.

Aliyenifundisha zaidi juu ya kiti cha katikati ni Rebecca Clarke, Mwingereza aliyezaliwa Harrow mwaka 1886. Alipoingia Royal College of Music jijini London kusomea utunzi chini ya Charles Stanford, alikuwa mpiga fidla. Stanford alimshauri ahamie viola, akampa na sababu: mpiga viola yuko katikati ya sauti zote, kwa hiyo anaweza kuona jinsi muziki unavyotengenezwa. Ushauri huo ulikuja kumwokoa. Mwaka 1910 Rebecca alimkabili baba yake juu ya wanawake wake wa nje, baba akamfukuza nyumbani na kumkatia fedha. Viola ndiyo iliyomlisha. Mwaka 1912 Henry Wood alipofungua milango ya okestra yake ya Queen's Hall kwa wanawake, Rebecca alikuwa miongoni mwa wachache wa kwanza kuingia.

Mwaka 1919 akiwa Marekani alipeleka sonata yake ya viola na piano kwenye shindano la Elizabeth Sprague Coolidge. Kazi zilisomwa bila majina. Kura za majaji zikagawanyika sawasawa kati ya kazi yake na ya Ernest Bloch, na Bi Coolidge akaamua kwa kumpa Bloch. Jina la mshindi wa pili lilipofunuliwa watu walistaajabu kuona ni la mwanamke. Wapo waliodai kwamba Rebecca Clarke ni jina la kubuni na mtunzi hasa ni mwanamume. Alitunga kwa miaka michache iliyofuata, kisha kazi zake zikapungua na kusahaulika, mpaka mwaka 1976 alipotimiza miaka 90 na kituo kimoja cha redio cha New York kikampa kipindi. Leo ni vigumu kumaliza masomo ya viola bila kukutana na sonata ile.

Nieleze kwa nini maneno ya Stanford yananigusa. Mimi ni mwimbaji wa alto. Nilianza kwaya nikiwa soprano, kama wasichana wengi wa parokia yetu, maana soprano ndiyo yenye wimbo, na wimbo ndio watu wanaotoka nao kanisani. Jioni moja ya mazoezi mwalimu wa kwaya alinyamazisha wote, akanisikiliza peke yangu, akasema, "Wewe binti, kuanzia leo kaa na kina mama kule. Sauti yako ina kifua." Niliumia. Alto hurudia noti moja mistari mizima huku wenzao wakipanda na kushuka, na mtu akikuuliza nyumbani mmeimba nini, huna cha kumwimbia. Lakini baada ya majuma kadhaa nilianza kuwasikia besi, ambao nilikuwa nimeimba nao muda wote bila kuwasikia. Nilijua nani anakaribia kukosa pumzi. Nilijua teno anapokawia. Nyimbo nilizodhani nazijua nilizisikia upya.

Hata hivyo naogopa kuligeuza jambo hili kuwa sifa ya unyenyekevu, kana kwamba kila anayesogezwa pembeni ashukuru. Kuna kuhamishwa kwa dharau. Wale waliosukumiwa viola kwa sababu fidla imewashinda walihamishwa hivyo, na viola yenyewe ikadharauliwa pamoja nao. Tofauti ninayoiona ni moja: aliyekuhamisha alikusikiliza kwanza? Stanford alisikiliza. Mwalimu wetu wa kwaya aliwanyamazisha watu 30 ili anisikilize.

Lionel Tertis, aliyezaliwa West Hartlepool mwaka 1876 kwa wazazi wahamiaji wa Kiyahudi, naye alihimizwa kuhamia viola na mkuu wa Royal Academy of Music, Alexander Mackenzie. Hakukuwa na mwalimu wa kumfundisha alivyotaka, akajifundisha mwenyewe, na kisha akautumia umri wake wote kuitafutia viola heshima. Aliwabembeleza watunzi wamwandikie. Bax, Bridge, Holst na Vaughan Williams wote wana kazi ambazo bila yeye zisingekuwapo. Alipoona viola nyingi ni ndogo mno kwa sauti aliyoitaka, alishirikiana na fundi Arthur Richardson kuchora umbo jipya, na mafundi wa nchi nyingine wakalifuata.

Mtu huyuhuyu, mwaka 1929, alipelekewa konserto mpya ya kijana William Walton iliyoandikwa kwa ajili yake, akairudisha. Aliona ni ya kisasa mno. Ikapigwa na Paul Hindemith, Mjerumani aliyekuwa mtunzi na mpiga viola, huku Walton mwenyewe akiongoza okestra. Tertis alikwenda kusikiliza, akatambua alichokikataa. Hakujificha baada ya hapo: aliijifunza konserto ile akaipiga hadharani, na akiwa mzee akakiri kosa lake katika kitabu chake. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50 alipokubali kujifunza alichokikataa, tena akiwa ndiye mpiga viola mashuhuri kuliko wote duniani. Katika maisha yake yote marefu, maana alifariki mwaka 1975 akiwa na miaka 98, hapo ndipo ninapomheshimu zaidi.

Konserto ile haikuishia hapo. Yupo Mskoti, William Primrose, mzaliwa wa Glasgow mwaka 1904. Baba yake alikuwa na viola ya mafundi wa Amati, na mtoto alikuwa akiichukua kwa siri kuipiga, ingawa njia aliyochorewa ilikuwa ya fidla. Alipofika kwa Eugène Ysaÿe huko Ubelgiji mwaka 1926, mzee huyo, mmoja wa wapiga fidla wakubwa wa zama zake, ndiye aliyemshauri ageukie viola. Primrose akaja kukaa kiti cha viola katika kwateti ya London, kisha mwaka 1937 katika okestra ya redio ya NBC chini ya kiongozi wake Toscanini. Mwanzoni mwa 1945 alimwomba Béla Bartók, aliyekuwa mgonjwa uhamishoni New York, amtungie konserto. Bartók alisita, hakuijua vizuri viola inayopigwa peke yake mbele ya okestra. Kilichomsogeza ni kumsikia Primrose redioni akipiga konserto ya Walton, ileile aliyoikataa Tertis. Akakubali. Alifariki Septemba mwaka huo akiacha rasimu, rafiki yake Tibor Serly akaikamilisha, na Primrose akaipiga kwa mara ya kwanza Minneapolis mwaka 1949.

Wakati huo masikio ya Primrose yalikuwa yameanza kumsaliti. Uwezo wake wa kusikia ulianza kupungua mwaka 1946. Mwaka 1963 alipata shambulio la moyo. Watu wengi wangehesabu kwamba kazi imekwisha. Yeye alifundisha Indiana, akafundisha Tokyo, na mwishowe akahamia Utah, ambako alikabidhi nyaraka zake kwa Chuo Kikuu cha Brigham Young, na huko kukakua hifadhi kubwa ya muziki wa viola. Nikiitazama miaka hiyo siioni kama ya kusubiri kifo. Naiona kama sehemu ya kazi ambayo wasikilizaji wa ukumbini hawakuwahi kukata tiketi yake.

Na katika kazi hiyo ya kufundisha, aliyoianza miaka mingi kabla, ndimo alimo Karen Tuttle, ambaye jina lake wasiopiga viola hawalijui. Alizaliwa Idaho mwaka 1920, akawa mpiga fidla, na mwaka 1941 akamsikia Primrose. Kilichomshangaza ni urahisi: mtu yule alipiga bila kupigana na chombo. Akamwomba amfundishe. Primrose akaweka sharti kwamba aache fidla, ahamie viola na amfuate kwenye chuo cha muziki cha Curtis, Philadelphia. Akakubali. Lakini alipofika alikuta tatizo ambalo kila aliyesoma kwa mtu mwenye kipaji cha kuzaliwa atalitambua: Primrose hakuweza kueleza anafanyaje. Mkono wake ulijua, mdomo haukujua. Tuttle akaanza kumwangalia. Aliangalia shingo inalegea lini, bega linaachia wapi, upinde unapogeuka mwili unafanya nini. Kidogo kidogo akakitafutia maneno kile ambacho mwalimu wake alikifanya bila maneno, na akakiunganisha na hisia: kabla hujaupiga mstari, jiulize unasikia nini ndani yako, hasira, hamu, huzuni, kisha uache mwili uifuate. Primrose akamfanya msaidizi wake, na alipoondoka Curtis mwaka 1951, Tuttle akachukua nafasi yake. Baadaye alifundisha pia katika vyuo vya Peabody na Juilliard. Alifariki mwaka 2010, na wanafunzi wake wanaendelea kuifundisha njia hiyo.

Nimewahi kufundisha darasani, na najua jinsi ilivyo rahisi kumdai mwanafunzi afanye kama wewe. Ni kazi nyingine kabisa kukaa chini ukauchambua ustadi mpaka mtu asiye na kipaji chako, asiye na mwili wako, aweze kuutumia kwa namna yake. Ndiyo maana ningemweka Tuttle safu moja na Primrose, wala si nyuma yake, ingawa rekodi alizoacha ni chache sana ukizilinganisha na za mwalimu wake.

Mmoja wa wanafunzi wake ni Kim Kashkashian, mzaliwa wa Detroit mwaka 1952 katika familia ya asili ya Armenia, anayefundisha New England Conservatory mjini Boston. Mwaka 2010 alianzisha Music for Food: wanamuziki hupiga bila kulipwa, na wasikilizaji huchangia kwa ajili ya majirani wenye njaa. Mwaka 2013 alipata tuzo ya Grammy kwa rekodi ya muziki wa watunzi Kurtág na Ligeti.

Katika rekodi hiyo imo sonata ya Ligeti, na asili yake inatupeleka kwa mtu ambaye hakuhamishwa na yeyote. Tabea Zimmermann wa Ujerumani alianza viola moja kwa moja akiwa na miaka mitatu, kwa kuwa nduguze walishachukua vyombo vingine. Mwaka 1990 Ligeti alimsikia akipiga, akanaswa na nguvu ya uzi wake wa chini kabisa, uzi ambao fidla haina. Kutokana na uzi huo akaandika sonata nzima, akaikamilisha mwaka 1994, na sehemu yake ya kwanza hupigwa kwa uzi huo peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kuijua viola namshauri aanzie hapo. Amsikilize Zimmermann kwanza, kisha Kashkashian, na asiwe na haraka ya kuamua nani bora, maana noti ni zilezile lakini hawa wawili hawapigi sawa hata kidogo.