Gitaa la babu: litobolewe au litundikwe ukutani?

Kwa miezi kadhaa nyumba moja ya Zirai, katika milima ya Usambara, ilikuwa na ugomvi wa chini kwa chini kati ya baba na mwanawe. Haukuhusu shamba la iliki, wala ada, wala simu. Ulihusu gitaa la umeme ambalo babu wa nyumba hiyo alilinunua Tanga mjini miaka ya 1970, akapanda nalo mlimani alipoacha kazi ya mkonge. Kwa zaidi ya miaka ishirini lilikuwa limelala juu ya kabati, ndani ya gunia la sukari.

Kijana ana miaka 19. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri kama wengi wanavyosubiri, na kwenye kwaya hupiga gitaa la kuazima. Alitaka gitaa la babu lifufuliwe na libadilishwe: vitufe vipya, rangi nyeusi, na pikapu mpya nene. (Pikapu ya gitaa si ile ya kubebea mizigo. Ni kile kidude kilicho chini ya nyuzi, chenye sumaku na waya wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme.) Pikapu nene haiingii kwenye tundu la zamani. Lazima mbao ichongwe, na mbao ikishachongwa hairudi.

Baba, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alitaka gitaa lipanguswe, lipakwe vanishi na kutundikwa sebuleni. Alishanunua hata ndoano. "Kitu cha mzee hakichezewi," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo, maana kijana aliyelelewa vizuri hajibizani na baba yake mezani. Hunyamaza. Na kunyamaza kwa kijana wa umri huo, mzazi yeyote anajua, si kukubali.

Ili kuelewa kwa nini mbao na waya vilete joto kiasi hicho, inafaa kukumbuka Tanga ilivyokuwa. Huko ndiko zilikotamba Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na huko ndiko ndugu wa familia ya Kinyonga walikopitia kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Katika bendi nyingi za wakati ule vyombo havikuwa mali ya wanamuziki. Vilikuwa vya klabu, vya shirika au vya mwenye bendi, na mtu akiondoka aliondoka na vidole vyake tu. Kwa hiyo kijana wa mlimani, aliyepiga rithimu kwenye bendi ndogo isiyojulikana nje ya mitaa michache, kumiliki gitaa lake mwenyewe lilikuwa jambo kubwa. Alilinunua kwa mwenzake, kwa kulipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wa mkonge. Lilikuwa limetengenezwa Japani. Jina la kiwanda lilishafutika kichwani mwake.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika ugomvi wote huo hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Babu yupo, anakaa nyumba ya pili, masikio yake mazima, ila vidole vya mkono wa kushoto vimekakamaa. Mwana na mjukuu walikuwa wakigawana mali ya mtu aliye hai, kila mmoja akidai anamheshimu kuliko mwenzake.

Mama ndiye aliyekata shauri. Jumapili moja baada ya chakula alilishusha gunia, akalipeleka kwa mzee, akawaita wote wawili.

Mzee aliligeuza gitaa taratibu. Kisha akaonyesha kitu ambacho mwanawe, pamoja na upendo wake wote kwa gitaa hilo, hakuwahi kukiona: chini ya kitufe cha sauti palikuwa na tundu lililozibwa kwa kipande cha mti mwingine na kupakwa rangi. Alilitoboa mwenyewe akiwa Tanga, akaweka swichi, ikamkera, akaitoa. Daraja linaloshika nyuzi si la kiwandani, lilitoka kwenye gitaa jingine lililovunjika. Rangi nyekundu ilikuwa ya tatu.

"Mwalimu," alimwambia mwanawe, "unalolinda ni lipi hapa?"

Kijana alianza kutabasamu, lakini zamu yake ilifuata. Mzee alimuuliza anataka pikapu nene ya nini. Akajibu kwamba ile ya zamani inanguruma, na nene hainungurumi. Ni kweli. Pikapu yenye koili moja hunasa mngurumo wa umeme wa nyumbani. Mwaka 1955 fundi wa Gibson huko Marekani, Seth Lover, alibuni pikapu yenye koili mbili zinazopingana, mngurumo wa moja ukafuta wa nyingine. Lakini dawa hiyo ina gharama yake. Koili mbili zikibanwa pamoja namna ile, sauti huwa nene na nzito, na ule mlio wa juu, mkavu, unaokatika kama maji yanayodondokea bati, hupungua. Muziki wa dansi ulisimama juu ya mlio huo. Magitaa matatu yakipishana, kila moja na njia yake, yakiwa mazito yote yatafunikana.

"Rangi pakeni," mzee alisema. "Toboeni mkitaka. Sauti yake msiiue."

Baba na mwanawe waliposhuka Muheza na gunia lao, wakapanda basi moja kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, fundi redio alipima pikapu zote mbili kwa mita. Ya mbele ilikuwa nzima. Ya nyuma, iliyo karibu na daraja, ilikuwa imekatika ndani: waya huo ni mwembamba kama unywele, na unyevu wa mlimani ulikuwa umeutafuna. Kwa vyovyote ilibidi isukwe upya.

Hapo ndipo fundi alipotoa wazo lililomaliza kesi. Kwa kuwa inasukwa upya, isukwe kinyume cha mwenzake, na sumaku yake igeuzwe juu chini. Kila pikapu ikifanya kazi peke yake, sauti inabaki ile ile ya zamani. Zikiwashwa zote mbili pamoja, mngurumo wa moja unafuta wa nyingine. Hakuna mbao itakayochongwa.

Waya uliagizwa Dar es Salaam. Kuusuka kulifanyika nyumbani, kwenye cherehani ya mama, kwa kile kigurudumu cha kujazia bobini. Kuhesabu mizunguko elfu saba na zaidi kwa mdomo haiwezekani. Fundi alimfundisha kijana ujanja: unachukua kikokotoo cha bei rahisi, unaunganisha swichi ndogo ya sumaku kwenye kitufe cha jawabu, unabandika kipande cha sumaku kwenye gurudumu, unaandika moja jumlisha moja. Kila mzunguko kikokotoo kinaongeza moja. Mara mbili waya ulikatika, mara ya kwanza ukiwa umebaki kidogo kufika mwisho. Mama alikuwa akizungusha, kijana akiuongoza waya kwa vidole, baba akisoma namba kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio. Watoto wadogo walikatazwa kupita karibu na meza.

Kazi nyingine zilikuwa za uvumilivu zaidi kuliko ufundi. Shingo ilikuwa imepinda kwa kuachwa na nyuzi zilizokazwa miaka yote. Ndani yake mna chuma chenye skrubu, nayo hukazwa robo mzunguko, kisha unaiacha hadi kesho. Ilichukua wiki mbili. Kile kipande cheupe ambacho nyuzi hupita zikielekea kichwani kilikuwa kimevunjika, kikachongwa kipya kwa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kukaushwa. Freti zilikuwa na mashimo, kwa sababu zamani nyuzi zikikosekana watu walichambua waya wa breki za baiskeli, na waya huo ni mgumu, unakula. Kijana alizisugua zote zikawa sawa, isipokuwa sehemu moja karibu na kichwa ambako mzee alikuwa akishika sana. Hapo angesugua zaidi freti ingeisha. Ikabaki na dosari yake.

Kuna jambo moja ambalo mzazi mwenye mtoto wa gitaa la umeme asilipite haraka. Nyuzi za gitaa zimeungana na mwili wa amplifaya kwa waya. Amplifaya mbovu, isiyo na waya wa ardhi, inaweza kumpiga shoti mpigaji, hasa akiwa peku kwenye sakafu yenye maji. Amplifaya ya mzee ilikuwa na plagi ya pini mbili. Fundi alikataa kuiwasha kabla ya kuibadilisha waya, kuipa pini ya tatu na kuhakikisha soketi ya nyumbani nayo ina waya wa ardhi. Gharama hiyo ilizidi ya waya wa pikapu, na baba alilipa bila kulalamika.

Rangi bado hawajakubaliana. Kijana anataka nyeusi, baba anasema nyekundu iachwe. Mzee amekataa kuamua, anadai yeye alishapaka mara tatu na inatosha. Jioni huletewa gitaa barazani alikaze nyuzi kwa sikio, maana haamini ile programu ya simu anayoitumia mjukuu wake. Vidole havimruhusu kupiga, lakini kukaza anaweza. Kisha humrudishia kijana na kumwagiza awashe pikapu ya nyuma peke yake, hata kama inanguruma.