Mwezi Nilipokabidhiwa Ujerumani

Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba uliopita, jumuiya yetu ndogo ilipokusanyika asubuhi barazani kwa jirani hapa Songea, mjukuu wangu alipewa kuongoza maombi, akaitoa simu yake, akasoma kwa sauti nzuri ombi la kuwaombea watu wa mataifa yote ulimwenguni, nasi tukaitikia. Na kabla kiitikio hakijakwisha mdomoni mwangu, yeye alikuwa amekwisha kulifikia ombi la wagonjwa. Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza ni mataifa gani tuliyoyaombea. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi, akasema, "Yote, Babu." Sikumjibu, walakini neno lile lilinikaa moyoni kama mwiba, maana nililelewa na mtu ambaye asingaliruhusu neno "yote" liingie kanisani mwake pasipo kufuatana na majina ya wenyewe.

Mtu huyo alikuwa katekista wa kigango chetu, kando ya njia iendayo Peramiho. Kanisa lilikuwa la udongo na nyasi, na kengele yake kipande cha chuma kilichotundikwa mwembeni. Na kwa kuwa nyuma yake palikuwa na banda la kukaushia tumbaku kwa moshi, sala zote za utoto wangu zina harufu ya tumbaku, hata leo nikipita penye banda la namna hiyo midomo yangu huanza yenyewe kutaja nchi za mbali. Padre alitujia mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote zilikuwa mikononi mwa katekista, mtu mrefu, mkavu, mwenye koti moja jeusi lililopauka mabegani, ambaye kila mwezi alikwenda Peramiho kwa miguu na kurudi na nia ya Baba Mtakatifu ya mwezi huo, aliyoinakili kwa kalamu ya risasi daftarini. Utume wa Sala, ulioeneza nia hizo, ulianzia Ufaransa mwaka 1844, lakini sisi watoto tulidhani umeanzia katika daftari lile.

Ukutani, kushoto kwa altare, alitundika pande la marekani ambalo juu yake alikuwa amechora dunia nzima kwa makaa na wino wa buluu. Alituambia kuwa kitambaa hicho kimechukua jina la nchi ile iliyoko upande wa machweo, ili tufahamu kwamba mataifa tuyaombeayo hayako mbali nasi, bali tumeyavaa mwilini. Kila mwezi kila mtoto alikabidhiwa nchi moja, naye aliiita amana: sharti uweze kuigusa kwa kidole juu ya kitambaa, ujue watu wake wanazungumza lugha gani, na ujue walau dhiki yao moja. Asiyeijua dhiki ya mtu, alisema, atamwombea nini?

Juma Takatifu lilipofika alitukalisha chini ya mwembe kila jioni na kutufafanulia yale maombi makuu ya Ijumaa Kuu, ambayo wakati ule padre aliyasoma kwa Kilatini, umati ukipiga magoti na kuinuka, kwa ajili ya Kanisa, na Papa, na watawala, na wakatekumeni, na wenye njaa na vifungo, na Wayahudi, na wale wasiomjua Kristo. Hata tulipofika katika kanisa kubwa la Peramiho, sisi watoto wa kigango cha nyasi tulijua tunapiga magoti kwa ajili ya nani, ilhali watu wazima wengi waliinama kwa kuwafuata wenzao. Mwaka 1959 Papa Yohane XXIII aliamuru liondolewe neno moja la kuwatweza Wayahudi lililokuwa katika ombi lao. Katekista alirudi na habari hiyo akiwa na furaha ya mtu aliyelipiwa deni. Alisema kwamba taifa likiombewa kwa neno la kulidharau, halikuombewa, limesengenywa mbele ya Mungu.

Mwezi wa Februari 1962, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nilikabidhiwa Ujerumani.

Msomaji wa Songea hahitaji kuelezwa maana ya Februari kwetu. Bibi yangu, aliyekuwa msichana mdogo mwaka 1906, hakuweza kutamka neno "Wadachi" bila ya kugeuza uso, kwa kuwa kaka yake alikuwa miongoni mwa walionyongwa na Wajerumani hapa Songea tarehe 27 ya mwezi huo, wakati wa vita vya Majimaji. Nilimwendea katekista baada ya ibada, nikamwambia kwamba nchi ile siitaki, na sababu yake ni hii. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilijua, kama wote walivyojua, kuwa nyumbani kwao pia palikuwa na msiba wa mwaka ule. Akanishika mkono, akanipeleka mbele ya kitambaa, akaweka kidole changu mahali penyewe, akasema, "Ndiyo maana nimekupa wewe." Kisha akanieleza dhiki yao: kwamba nchi yao imekatwa vipande viwili, na mwaka uliopita umejengwa ukuta katikati ya mji mmoja, na ndugu hawaonani. Akaongeza kwamba Askofu Cassian Spiss na wamisionari wenzake, waliouawa na wapiganaji wa Majimaji njiani karibu na Liwale mwaka 1905, nao walikuwa na mama zao, na mama zao walilia kama bibi yangu.

Nililitaja jina lile siku 28. Siku za kwanza meno yalikazana. Siku za mwisho nilijikuta nikiwaza habari za mtoto wa rika langu aliyesimama chini ya ukuta, akimwita shangazi yake aliye upande wa pili. Bibi hakupata kujua, au alijua akanyamaza.

Katika kumbukumbu yangu, sala ya waamini kwa Kiswahili na wakimbizi wa Msumbiji vilitufikia siku moja. Nimetazama tarehe: Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliirudisha sala hiyo katika Misa kwa hati ya tarehe 4 Desemba 1963, na vita ng'ambo ya Ruvuma vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Basi si siku moja. Lakini ninaviacha vikae pamoja, kwa kuwa ndivyo vilivyokaa. Msumbiji haikukabidhiwa mtoto mmoja tena, maana ilikuwa imeketi nasi kwenye mabenchi, na vifurushi vyake, na vikohozi vyake. Wengine walipelekwa Muhukuru, wengine walikaa kwetu siku kadhaa, na mzee mmoja aliyesali rozari yake kwa Kireno, aliposikia nchi yake ikitajwa kwa jina katika kanisa la ugenini, alivua kofia aliyokuwa ameivua tayari, yaani aligusa kichwa kitupu. Siku hiyo maombi yaliishia kwenye debe la mahindi.

Miaka iliyofuata ilipita mbio. Katekista alifariki, kitambaa kililiwa na mchwa, kanisa likajengwa kwa matofali na bati. Tuliiombea Afrika Kusini, kisha Rwanda, na majina hayo yalitutoka kwa uchungu. Halafu, sijui ni kwa mkono wa nani, majina yakaanza kupukutika. Zikaja karatasi za maombi yaliyokwisha kutungwa, vikaja vipaza sauti, na nia zikageuka kuwa biashara zetu, safari zetu na mitihani yetu, na ulimwengu wote ukabanwa katika sentensi moja isomwayo kwa pumzi moja. Jambo hili linanikera, wala sioni haya kulisema. Watoto wa Shirika la Utoto Mtakatifu wanayo rozari ya misioni yenye rangi tano, kijani kwa Afrika, manjano kwa Asia, na ni kitu kizuri mno. Lakini mwulize mtoto ataje nchi mbili zilizomo ndani ya manjano hayo.

Tarehe 1 Novemba 2023, sikukuu ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha mbele ya wazao wa walionyongwa. Wengine walisema maneno hayatoshi, nao wana haki. Mimi nilizima redio, nikakaa kimya, nikahisi kidole changu kikiwekwa tena juu ya marekani.

Hayo yote nilimsimulia mjukuu wangu jioni ya Jumamosi ile, kisha nikamwambia achague nchi moja. Nilitazamia atafute kwenye simu. Hakutafuta. Akasema, "Kongo. Mwenzangu wa bweni, mama yake yuko Goma." Sikujua. Miezi yote hiyo alikuwa na amana yake, na hakuna mzee aliyemwambia kwamba yafaa kuitaja kanisani.

Jumamosi iliyofuata alisimama bila simu. Akasema tuwaombee watu wa Kongo, na watu wa Goma, na kina mama waliotengana na watoto wao. Akafika hapo sauti ikamkwama, asiweze kuendelea na ombi la wagonjwa. Nasi tukangoja.