Mwacheni Cucu Asuke

Mteja wangu wa Marekani alitaka makala ya maneno 1,200 kuhusu sanaa na ubongo wa wazee. Mimi hula kwa kazi kama hizo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipoisha kabla ya masomo, na tangu hapo nawaandikia watu wasionijua nikiwa kwa chumba kimoja pale Makutano, Meru. Nikanunua bando, nikaanza kusoma.

Mwaka 2003 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia wazee 469 wa Bronx, New York, wote wa zaidi ya miaka 75. Waliozoea kusoma, kupiga ala za muziki, kucheza michezo ya ubaoni na kusakata densi walipata dimensia kwa uchache kuliko wenzao. Kati ya mazoezi ya mwili yaliyopimwa, densi pekee ndiyo ilionyesha tofauti hiyo. Hii haimaanishi densi ni chanjo. Huenda mtu anayeanza kusahau ndiye anayeacha kucheza kwanza. Lakini densi ina hatua za kukumbuka, mdundo wa kufuata na mwenzako wa kumwangalia, yote kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo nikaacha kumfikiria mteja, nikamfikiria cucu.

Cucu ana miaka 81. Anaishi Embu, upande wa Runyenjes, na maisha yake yote amesuka viondo. Kama hujawahi kuona kiondo kikianza, jua kwamba kinaanzia chini. Nyuzi za mkonge, zilizosokotwa juu ya paja, zinapangwa kama miale ya jua, kisha unazunguka. Unaongeza nyuzi ili kitako kipanuke, na lazima ujue ni lini pa kuacha kuongeza, la sivyo utapata sahani badala ya kikapu. Rangi nazo zina hesabu yake. Ukiruka uzi mmoja leo, utauona mstari umepinda mizunguko mitatu baadaye. Hakuna mahali hayo yote yameandikwa. Yako kichwani na kwa vidole. Na wenzake wa rika lake hawakuwa wakisuka peke yao. Walisuka wakienda soko, wakiimba, wakisengenya watu (kwa hilo nawapenda sana).

Miaka miwili iliyopita watoto wake waliamua kwamba mama amefanya kazi ya kutosha. Mkonge ukaondolewa, televisheni ikaletwa. Ilikuwa ni upendo kabisa. Baada ya miezi kadhaa cucu akawa anauliza swali moja mara nne kabla chai haijapoa. Wakasema ni uzee tu. Kuna mahali wangesema mabaya zaidi: Oktoba 2021, kule Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa wakishukiwa kuwa wachawi.

Niliomba apelekwe kliniki kwanza. Presha ilikuwa juu, na masikio yalikuwa yamefifia kuliko tulivyodhani. Hayo yote mawili yamo katika orodha ya mambo 14 iliyotolewa na jopo la jarida la Lancet mwaka 2024, ambalo lilikadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Sanaa haimo katika orodha hiyo. Mteja wangu hakufurahi nilipoandika hivyo. Lakini upweke umo, na televisheni haikujibu ukiiuliza kitu.

Dawa zikaanza. Kisha nikapendekeza mkonge urudi. Tata akakataa.

"Mami," akaniambia, kwa sababu nimerithi jina la mama yake, "unataka watu waseme tunamtesa? Mtu wa umri huo anasokota kamba, na sisi tuna mishahara?"

"Tata, si kwa sababu ya pesa."

"Basi ni ya nini?"

Sikuwa na jibu fupi. Nilimkumbusha wapiga ngoma wa Chuka, ambao sote tumewaona kwa sherehe. Mtu anabana ngoma ndefu katikati ya mapaja, anapiga, anaimba na kucheza, huku akiwasikiliza wenzake ili asiwapoteze. Hakuna anayemwonea huruma, watu wanamshangilia. Tata akacheka, akasema cucu si wa Chuka. Lakini mkonge ukanunuliwa.

Sasa jirani wawili wa rika lake huja kila Alhamisi. Wiki za kwanza vidole vilikuwa vizito, na kitako cha kwanza kilifumuliwa mara nyingi. Sitakudanganya kwamba amepona. Jina langu bado humponyoka, na kwa vile ni jina lake pia, siku hizo huwa natoka nje kidogo nipumue. Maswali bado yanarudi. Siku ya Alhamisi, hata hivyo, anajua ni Alhamisi, na mapema asubuhi viti vitatu viko nje.

Krismasi iliyopita Tata alikuja, akaketi nao, akaomba afundishwe. Alisuka mchana mzima. Jioni cucu alichukua kile kiondo, akapitisha kidole pole pole kwenye ukingo akihesabu kwa midomo, kisha akafumua mizunguko mitatu bila kumuuliza mtu.

"Anzia hapa," akamwambia, akageukia jirani zake ili wamalize umbea wao.