Kilichobaki Kichwani



Dada yetu mkubwa, anayekaa Ubelgiji, aliumwa sana na kichwa. Waganga walipompiga picha waliona mshipa wa damu katika ubongo umevimba kama kifuko, nacho chaweza kupasuka. Wakapitisha mrija mwembamba toka pajani mpaka kichwani, wakakijaza kifuko nyuzi laini za platini. Baada ya miezi sita hospitali ilimwita kwa picha nyingine. Sisi tukamwambia asijisumbue: platini haishiki kutu, basi kazi imekwisha.

Mganga mmoja, rafiki yetu, alitukosoa. Nyuzi hizo mganga Guido Guglielmi na wenzake walianza kuzitumia kwa wagonjwa huko Los Angeles mwaka 1990. Hazijazi kifuko chote; nafasi kubwa hujazwa na damu iliyoganda. Lakini moyo hupiga mara 100,000 hivi kila siku, na damu huzisukuma nyuzi bila kupumzika. Pengine hushindiliwa kama pamba guniani, na mlango wa kifuko hufunguka tena, mgonjwa asisikie lo lote.

Kiko chombo kingine ambacho miaka hukisaidia. Ni bomba dogo la wavu, lililoruhusiwa Marekani mwaka 2011, ambalo huwekwa ndani ya mshipa kupita mbele ya mlango wa kifuko. Damu ya kifukoni hupunguza mwendo, huganda, na ngozi ya ndani ya mshipa huota polepole juu ya wavu. Katika uchunguzi mmoja, kati ya vifuko vilivyopigwa picha, 87 kwa 100 vilikuwa vimezibika kabisa baada ya mwaka, na 95 kwa 100 baada ya miaka 5. Lakini mgonjwa akiacha kabla ya wakati dawa za kuzuia damu kuganda, bomba lenyewe laweza kuziba.

Kumbe mganga huanza kazi, na siku huiendeleza, kwa heri ama kwa shari. Ni picha tu inayoonyesha ipi kati ya hizo mbili.

Usiku ule tulimpigia dada simu: “Yaya, tulikosa. Nenda.” Alikwenda. Mlango ulikuwa umefunguka, wakamwongezea nyuzi. Hakutulaumu, lakini sisi twajua ni neno la nani lililomchelewesha. Ninyi mlio na mgonjwa wa namna hii, msimshauri kama tulivyomshauri sisi. Mkumbusheni siku ya kurudi.